Nafasi Ipo, Kitalu Hakipo: Utengaji wa Kumbukumbu katika Kiini cha Mfumo Endeshi

Utangulizi

Miongoni mwa malalamiko ambayo mafundi wa simu katika Barabara ya Luthuli, jijini Nairobi, wameyazoea ni lile la kamera inayokataa kufunguka. Mteja hufika na simu ya bei nafuu, yenye kumbukumbu ya gigabaiti 1 au 2, akaeleza kwamba asubuhi kamera ilikuwa sawa, lakini kufikia jioni kila anapoigusa alama yake skrini huwa nyeusi kwa muda, kisha programu hujifunga yenyewe. Jibu la fundi aghalabu ni la maneno mawili: simu imejaa. Humshauri mteja afute picha na video. Mteja hufuta, pengine hata picha za mazishi ya mzazi ambazo hazina nakala kwingineko, na bado kamera hukataa. Hatimaye simu huzimwa na kuwashwa upya, nayo kamera hufunguka papo hapo. Picha zilizofutwa hazirudi.

Si kila kamera inayokataa huwa na ugonjwa huu. Nyingine zina waya uliokatika au programu mbovu. Hata hivyo, tukio la simu kupona kwa kuwashwa upya ni dalili inayostahili kuchunguzwa, kwa sababu kuwasha upya hakuongezi hata baiti moja ya nafasi katika hifadhi ya picha. Kinachobadilika ni mpangilio wa kitu kingine kabisa. Fundi na mteja wamepotoshwa na neno. Simu ina maghala mawili. Ghala la kwanza ni hifadhi, ambamo picha, nyimbo na nyaraka hukaa hata simu ikizimwa. La pili ni kumbukumbu ya kazi, ambamo programu huwekwa wakati zinapotumika, nayo hufutika umeme unapokatika. Katika mazungumzo ya kila siku maghala haya yote mawili huitwa kumbukumbu, na yote mawili husemwa kuwa yamejaa. Anayefuta picha ili kuponya kumbukumbu ya kazi ni sawa na mtu anayefagia ghala la Industrial Area ili apate mahali pa kuketi ofisini Westlands.

Makala haya yanakusudia kufafanua kwa Kiswahili jinsi kiini cha mfumo endeshi kinavyotenga vitalu vikubwa vya kumbukumbu, na sababu ya vitalu hivyo kukosekana hata pale ambapo nafasi iko tele. Wanafunzi wa Kiswahili wana haki ya kuuliza jambo hili linawahusu nini. Linawahusu kwa kuwa juhudi za kuitia lugha hii katika tarakilishi, kama ule mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam uliozaa Jambo OpenOffice mwaka 2004, zilishughulikia zaidi kile ambacho mtumiaji anakiona: menyu, vitufe na ujumbe wa makosa. Kiini hakionekani, kwa hiyo istilahi zake hazikupata wa kuzihangaikia. Matokeo ni kwamba mwanafunzi wa Chiromo anayesomea tarakilishi hufafanuliwa mambo haya kwa Kiingereza, akayajibu mtihani kwa Kiingereza, na akifika nyumbani Kangemi hana maneno ya kumweleza mamake kwa nini kamera imekataa.

Kiini na kurasa zake

Mfumo endeshi ni mkusanyiko wa programu zinazosimamia tarakilishi. Katikati yake pana programu moja kuu iitwayo kiini, ambayo peke yake ndiyo yenye ruhusa ya kugusa kila kifaa na kila sehemu ya kumbukumbu. Kiini kinachozungumziwa hapa ni Linux, kilichoanzishwa na Linus Torvalds mwaka 1991 alipokuwa mwanafunzi jijini Helsinki. Ndicho kinachoendesha seva nyingi za intaneti, na ndicho kilicho ndani ya kila simu ya Android, ziwe zile za maduka ya kioo ya Sarit Centre au zile zinazopangwa juu ya meza za River Road.

Kiini hakihesabu kumbukumbu kwa baiti mojamoja. Huigawanya katika kurasa zenye ukubwa ulio sawa, na katika vifaa vingi ukurasa mmoja una baiti 4,096, yaani kilobaiti 4. Kumbukumbu ya gigabaiti 1 ni kurasa 262,144. Programu inapohitaji nafasi, kiini huipa kurasa. Inapomaliza, kurasa hurejeshwa. Kama mahitaji yote yangekuwa ya ukurasa mmojammoja, hapangekuwa na la kuandikia makala. Kiini kingetoa ukurasa wowote ulio wazi, na kingeshindwa tu pale ambapo hata mmoja haukubaki. Taabu huanza mwombaji anapotaka kurasa nyingi kwa mpigo, tena zilizopakana, moja baada ya nyingine, bila pengo.

Na tuchukue basi linaloondoka katikati ya jiji kuelekea Kangemi kupitia Barabara ya Waiyaki. Linapoondoka limejaa. Chiromo wanashuka wanne na kupanda wawili. Westlands wanashuka tisa, wanapanda watatu. Basi linapoondoka Westlands lina viti vinane vilivyo wazi, lakini kimoja kiko nyuma ya dereva, viwili viko dirishani katikati, vingine vimetapakaa huko nyuma. Sasa wanapanda wanafunzi wanane wanaotoka kwenye tamasha ya muziki. Iwapo kila mmoja yuko radhi kukaa popote, hakuna shida, kwa maana viti ni vinane na wao ni wanane. Lakini wanafunzi hawa wamebeba bango moja refu la mbao lisilokunjika, na ni lazima waketi katika viti vinavyofuatana ili wote walishike. Basi hilo halina nafasi kwao. Utingo akisema viti vipo atakuwa amesema kweli, na mwalimu wao akisema hakuna nafasi atakuwa amesema kweli vilevile.

Hali hii ndiyo inayoitwa mtawanyiko wa kumbukumbu. Kurasa zilizo wazi ni nyingi, ila zimechanganyika na zilizokaliwa.

Hesabu ya kushangaza

Ukubwa wa tatizo hili haudhihiriki mpaka lihesabiwe. Tuseme simu ina kurasa 262,144, na nusu yake iko wazi. Kwa macho ya mtumiaji hii ni simu iliyopumzika: megabaiti 512 hazina kazi. Tuseme tena kwamba kurasa zilizo wazi zimetapakaa kwa nasibu, kila ukurasa ukiwa na uwezekano wa nusu kuwa wazi, pasipo kutegemea jirani yake. Sasa aje mwombaji anayetaka kurasa 8 zilizopakana, yaani kilobaiti 32. Kumbukumbu yote ina vitalu 32,768 vya kurasa nane nane. Uwezekano wa kitalu kimoja kuwa wazi chote ni nusu iliyozidishwa kwa nusu mara nane, yaani moja kwa 256. Kwa wastani vitapatikana vitalu 128. Mwombaji atahudumiwa.

Aje mwingine anayetaka kurasa 16 tu, yaani kilobaiti 64. Vitalu vya ukubwa huo ni 16,384, na uwezekano wa kimoja kuwa wazi chote ni moja kwa 65,536. Wastani wa vitalu vitakavyopatikana ni robo ya kitalu. Kwa maneno mengine, katika simu nne za namna hiyo, tatu hivi hazitakuwa na hata kitalu kimoja cha kilobaiti 64, ilhali kila mojawapo ina megabaiti 512 zilizo wazi. Kununua simu yenye kumbukumbu maradufu huiongeza robo hiyo ikawa nusu. Kwa yakini kurasa hazitapakai kwa nasibu kamili hivi, na sehemu kubwa ya kazi ya waandishi wa kiini ni kuhakikisha kwamba hazitapakai hivyo. Lakini hesabu hii inaonyesha kilichoko kwenye mteremko pale breki zinapoachiliwa.

Mfumo wa pacha

Njia kuu ambayo Linux hutumia kuzipanga kurasa zilizo wazi ni ya zamani kuliko Linux yenyewe. Kenneth Knowlton aliieleza katika maandishi yake ya mwaka 1965, na Harry Markowitz alikuwa ameibuni mwaka 1963. Huyu Markowitz ndiye yuleyule aliyepata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 1990 kwa nadharia yake ya kutawanya rasilimali ili kupunguza hasara. Ni kinaya kidogo kwamba bingwa wa kutawanya ndiye aliyebuni dawa ya mtawanyiko.

Kwa Kiingereza mfumo huo umepewa jina linalomaanisha rafiki au mwenza. Kwa Kiswahili neno pacha linafaa zaidi kuliko rafiki, na sababu itaonekana hivi punde. Kumbukumbu huwekwa katika vitalu ambavyo idadi ya kurasa zake ni 1, 2, 4, 8, 16 na kuendelea kwa kuongeza maradufu hadi 1,024, yaani megabaiti 4. Akija mwombaji wa kurasa 8 na kitalu cha ukubwa huo kikakosekana, kiini huchukua kitalu cha 16, kikakipasua katikati, kikampa mwombaji nusu moja na kuiweka nusu ya pili katika orodha ya vitalu vya 8. Nusu hizo mbili ni pacha, zimezaliwa na kitalu kimoja. Mwombaji anaporejesha nusu yake, kiini hutazama kama pacha wake naye yuko wazi. Akiwa wazi, wawili hao huunganishwa na kuwa kitalu cha 16 tena, kisha kitalu hicho nacho hutafuta pacha wake, na kuendelea juu.

Kasi ya mfumo huu hutokana na kwamba pacha hatafutwi, anahesabiwa. Kitalu cha kurasa 8 kinachoanzia ukurasa wa 16 kina pacha anayeanzia ukurasa wa 24. Anwani zao hutofautiana katika tarakimu moja tu ya hesabu ya mfumo wa mbili. Lakini kitalu kinachoanzia 24 na kinachoanzia 32, ingawa vimepakana, si pacha, kwa kuwa havikuzaliwa na mzazi mmoja. Pacha wa 32 ni 40. Havitaunganishwa kamwe hata vikiwa wazi vyote viwili. Urafiki unaweza kufanywa na jirani yeyote, upacha hauwezi. Ndiyo sababu ya kulipendelea neno hilo.

Wenyeji wa Kangemi na Kawangware hawatakawia kuuelewa mfumo huu. Maeneo hayo yalijumuishwa katika mipaka ya jiji mwaka 1963, na ardhi yake imekuwa ikigawanywa kutoka kwa baba hadi kwa wana, nusu kwa nusu, hadi ploti zikawa za upana wa nyumba. Ng'ambo ya bonde, Lavington, viwanja vikubwa vya zamani vilibaki vizima kwa miongo mingi. Anayetaka kujenga shule Kangemi leo hana budi kungoja ndugu wote wa ukoo mmoja wakubali kuuza kwa wakati mmoja. Ndugu mmoja tu akikataa, kitalu kimepotea. Ukurasa mmoja uliokaliwa katikati ya kurasa 1,024 hufanya jambo lilo hilo.

Mfumo wa pacha una israfu yake pia. Mwombaji wa kilobaiti 33 anahitaji kurasa 9, lakini hakuna kitalu cha 9. Atapewa cha 16, yaani kilobaiti 64, na kilobaiti 31 zitakaa bure mikononi mwake. Kwa maombi madogo sana, ya baiti chache, kuna mpango mwingine wa kukata ukurasa mmoja katika vijisehemu vya kipimo kimoja, alioueleza Jeff Bonwick mwaka 1994 kwa ajili ya mfumo wa Solaris. Huo hauhusu vitalu vikubwa, na hapa unapitwa.

Anwani halisi na anwani dhahania

Turudi kwenye basi. Wanafunzi wanane wasio na bango wanaweza kukaa popote, lakini mwalimu wao angependa kuwaita kwa mpangilio: wa kwanza, wa pili, wa tatu. Anachohitaji ni orodha tu. Ameandika kwamba wa kwanza yuko kiti cha 3, wa pili kiti cha 17, wa tatu kiti cha 8. Kwa mwalimu anayesoma orodha, wanafunzi wamepangana sawasawa. Kwa abiria anayewatazama, wametapakaa.

Orodha hiyo ndiyo jedwali la kurasa. Kila kichakataji cha kisasa kina uwezo wa kutafsiri anwani dhahania, ambazo programu huziona, kuwa anwani halisi, yaani mahali penyewe katika kumbukumbu. Programu za kawaida hazijui anwani halisi hata kidogo. Kivinjari kikiomba megabaiti 100, hupewa kurasa zozote zilizotapakaa, na jedwali huzifanya zionekane zimefuatana. Kwa hiyo mtawanyiko hauzidhuru sana programu za kawaida. Unaodhurika ni ule upande wa ndani, kiini chenyewe pamoja na vifaa vinavyokitumikia.

Ndani ya kiini, mwandishi wa programu ana njia mbili kuu za kuomba. Ya kwanza huitwa kmalloc, nayo hutoa kurasa zilizopakana kwa anwani halisi. Ya pili huitwa vmalloc. Hii hukusanya kurasa zilizotapakaa, kisha huandika jedwali jipya ili zionekane zimefuatana. Kwa kuitazama haraka mtu angeshangaa kwa nini vmalloc isitumiwe siku zote. Sababu ni gharama. Kila ombi huhitaji jedwali liandikwe, na linaporejeshwa jedwali lifutwe na vichakataji vyote vipewe habari ya kwamba tafsiri ile si halali tena. Zaidi ya hayo, kichakataji huweka tafsiri chache tu katika daftari lake dogo la haraka. Kumbukumbu ya kawaida ya kiini huweza kutafsiriwa kwa vitalu vikubwa, kwa mstari mmoja wa daftari, ilhali kurasa zilizotapakaa hudai mstari kwa kila ukurasa. Katika tarakilishi za biti 32 eneo zima la anwani za vmalloc, kwa mpangilio wa kawaida, lilikuwa la megabaiti 128 tu. Hata hivyo njia hii ina kazi zake: moduli zinazopakiwa ndani ya kiini huwekwa kwa njia ya namna hii, kwa kuwa ni kubwa na hazihitaji upakanaji halisi.

Kwa miaka mingi waandishi mbalimbali wa kiini walijiandikia, kila mtu kwa mtindo wake, hila ileile: jaribu kmalloc kwanza, ikishindwa jaribu vmalloc. Mwaka 2017, katika toleo la 4.12, hila hiyo ilipewa jina moja rasmi, kvmalloc, na nakala zilizotapakaa zikaanza kuondolewa. Wanaisimu watatambua jambo hili. Neno lilikuwepo vinywani mwa watu kabla ya kuingizwa kamusini.

Wenye bango

Waombaji wasioweza kusaidiwa na orodha ya mwalimu ni vifaa. Kihisi cha kamera, kadi ya mtandao au kifaa cha kuchora skrini huandika moja kwa moja katika kumbukumbu bila kupitia kwa kichakataji, ili kuokoa wakati. Kifaa cha aina hii hakisomi jedwali la kurasa. Huambiwa anzia hapa, endelea mpaka hapa, nacho huandika kwa mfululizo wa anwani halisi. Kikikuta katikati ukurasa wa mwingine, kitauandika juu yake bila kujua. Hawa ndio wenye bango la mbao.

Picha moja ya kamera ya pikseli milioni 8, katika umbizo la kawaida linalotumia biti 12 kwa kila pikseli, ni baiti milioni 12, sawa na kurasa 2,930 hivi. Kitalu kikubwa kabisa cha mfumo wa pacha ni kurasa 1,024. Hivyo kamera inaomba kitu ambacho mfumo wa pacha hauna hata simu ikiwa mpya kabisa. Vichakataji vingi vya kisasa vina sehemu maalumu inayovipa vifaa jedwali lao wenyewe, na hapo bango hukunjika. Lakini vile vya bei ya chini havikuwa na sehemu hiyo kila mara.

Dawa ya mwanzo ilikuwa ya kibabe. Mwaka 2011 simu ya Huawei IDEOS iliuzwa nchini Kenya kwa bei ya chini ya shilingi 10,000, na kwa wakazi wengi wa Nairobi ndiyo iliyokuwa Android ya kwanza mkononi. Ilikuwa na kumbukumbu ya megabaiti 256. Simu za enzi hiyo zilizotumia vichakataji vya Qualcomm zilitenga eneo la kamera na michoro tangu dakika ya kuwashwa, na eneo hilo halikuguswa na mtu mwingine hata kama kamera haikufunguliwa mwaka mzima. Ni kama basi linaloacha viti vinane wazi kutoka mjini hadi Kangemi, asubuhi na jioni, kwa ajili ya bango linaloweza kuja siku ya tamasha. Kamera haikukosa nafasi, lakini programu nyingine zote zilibanwa katika kilichobaki.

Dawa ya pili ni ya utingo. Kila msafiri wa Nairobi anajua sauti ya kuamrisha abiria wasonge nyuma. Kiini nacho kinaweza kusogeza kurasa: hunakili yaliyomo katika ukurasa mmoja, huyaweka mahali pengine, kisha hurekebisha jedwali ili mwenyewe asitambue kwamba amehamishwa. Hapa mfano wa basi unachechemea, kwa sababu abiria akihamishwa hujua na hulalamika. Usogezaji huu uliandikwa na Mel Gorman na kuingia Linux katika toleo la 2.6.35 mwaka 2010. Android iliyokuwa ndani ya IDEOS ilijengwa juu ya toleo la 2.6.32. Ilikosa dawa hiyo kwa matoleo matatu.

Lakini si kila ukurasa unaosogezeka. Kurasa za programu za kawaida husogezeka kwa kuwa zinafikiwa kupitia jedwali. Kurasa za kiini chenyewe hazisogezeki, kwa sababu kiini huzifikia kwa hesabu isiyobadilika kutoka kwa anwani halisi, na anwani hizo zimeandikwa katika sehemu zisizohesabika. Huyu ni abiria mwenye gunia la viazi alilolikalia, haondoki. Gunia moja katikati ya safu huharibu safu nzima. Kwa sababu hiyo Gorman alikuwa ametangulia, katika toleo la 2.6.24 la mwaka 2008, kuweka utaratibu wa kuwatenganisha wasafiri tangu wanapopanda: wasiosogezeka upande huu, wanaosogezeka upande ule. Utaratibu huu wa kuwapanga mapema ni muhimu kuliko usogezaji wenyewe, ijapokuwa usogezaji ndio uliopata sifa zaidi. Bila huo, utingo angepaza sauti mpaka akauke koo.

Dawa ya tatu huziunganisha mbili za kwanza. Ililetwa na wahandisi wa Samsung, Michał Nazarewicz na Marek Szyprowski, ikaingia katika toleo la 3.5 mwaka 2012. Eneo la kamera hutengwa tangu kuwashwa kwa simu, lakini haliachwi bure. Huazimwa kwa kurasa zinazosogezeka tu. Kamera inapofunguliwa, waazimaji huhamishwa na mwenye eneo hukabidhiwa. Ni mpango mzuri, na tabu yake iko katika neno huhamishwa. Ukurasa unaosogezeka huweza kushikiliwa kwa muda, kwa mfano wakati data yake inaandikwa katika hifadhi, na katika muda huo hausogei. Simu iliyokaa siku nyingi bila kuzimwa, yenye programu kumi zinazopigania gigabaiti 1, ina nafasi nyingi za kukutana na mshikilizi wa aina hiyo. Kamera hungoja, husitasita, kisha hukata tamaa.

Msomaji anaweza kudhani kwamba katika hali hiyo kiini kitaua programu fulani ili kupata nafasi, kama kinavyofanya kumbukumbu inapokwisha. Kwa maombi madogo hufanya hivyo. Kwa maombi ya zaidi ya kurasa 8 kupitia mfumo wa pacha kiini hakimwiti muuaji kwa ajili yake. Humjibu mwombaji kwamba imeshindikana, na kumwachia aamue. Kumshusha abiria mmoja hakusaidii ikiwa kiti chake hakiko pale bango linapohitajika.

Kugawa au kutenga?

Istilahi chache zilizotumika hapa zinahitaji kutetewa. Wanaotafsiri vitabu vya tarakilishi mara nyingi hutumia kugawa pale ambapo makala haya yametumia kutenga. Kugawa kuna udhaifu wa aina mbili. Kwanza, hubeba maana ya kukata vipande, na hilo ni tendo jingine ndani ya mfumo huuhuu wa pacha. Kitalu hupasuliwa kwanza, kisha hutengwa. Pili, nchini Kenya ugawaji una historia yake. Tume iliyoongozwa na wakili Paul Ndung'u, iliyoundwa mwaka 2003 na kuwasilisha ripoti yake mwaka 2004, ilichunguza jinsi ardhi ya umma ilivyogawiwa kinyume cha sheria, na tangu hapo neno kugawiwa halisikiki bila harufu ya unyakuzi. Kilichogawiwa kimekwenda. Kilichotengwa kimewekwa kando kwa matumizi na kinatarajiwa kurudi, na kiini huishi kwa matarajio hayo. Ni kweli kwamba kutenga pia ni kumbagua mtu, lakini muktadha huondoa utata huo upesi.

Kipande nacho kimeepukwa. Neno lenyewe linaashiria kilichovunjika kutoka kwa kizima, tena katika masikio ya Wakenya wazee kipande ni kile cheti cha ukoloni kilichotundikwa shingoni. Kitalu kina mipaka, kina ukubwa unaojulikana, na tayari kinatumika kwa maeneo yanayotengewa utafutaji wa mafuta na, nchini Tanzania, uwindaji. Kuhusu kumbukumbu na hifadhi, utengano wake hauhitaji neno jipya, kwa maana maneno yote mawili yapo. Kinachohitajika ni walimu na wafasiri kuacha kuyabadilishana, na hasa waandishi wa ujumbe wa makosa katika simu, ambao husomwa na watu wengi kuliko kitabu chochote cha fasihi.

Mwanafunzi anayetaka kuona mambo haya kwa macho yake na afungue tarakilishi yoyote yenye Linux, asome faili iitwayo buddyinfo iliyo katika saraka ya proc. Ataona safu za nambari kumi na moja, kutoka kushoto vitalu vya ukurasa 1 hadi kulia vitalu vya kurasa 1,024. Tarakilishi ikiwa imewashwa punde, nambari za kulia huwa kubwa. Aiache ifanye kazi kwa siku kadhaa, kivinjari kikiwa wazi, kisha aitazame tena. Mara nyingi atakuta za kushoto zimeongezeka kwa mamia na maelfu, na kule mwisho, mahali penye vitalu vikubwa, zimesimama sufuri mbili tatu.